Mkono Ulihifadhi, Mashine Ikawasilisha: Nani Mwenye Njia za Mkato za Kibodi?

Kutoka Kibaha kwenda Kisarawe zipo njia mbili. Ya kwanza ni ya watu wote: unateremka na Barabara ya Morogoro hadi Dar es Salaam, unalivuka jiji pamoja na foleni zake, kisha unapanda vilima vya Pugu. Ya pili ni ya mkato: unakunja Kibamba na kukatiza hadi Kisarawe bila kuyaona magorofa ya mjini. Mwenyeji huipita huku akiwaza mambo yake mengine. Hiyo ndiyo maana ya njia ya mkato. Sifa yake si ufupi peke yake. Anayeipita hahitaji tena kuifikiria.

Sasa tuchukulie kwamba usiku mmoja mtu ameigeuza njia ile, ikawa haifiki tena Kisarawe bali inaishia korongoni, wala hakusimamisha kibao. Nani ataumia? Mgeni hataumia, kwa sababu mgeni huenda polepole na huuliza. Ataumia mwenyeji, tena kwa kosa la kuijua njia.

Ninaandika makala haya kwa sababu jambo hilo limetendeka. Halikutendeka barabarani, bali ndani ya kompyuta za ofisi ya umma, na aliyeumia ameandikiwa barua ya kujieleza.

Miezi michache iliyopita nilipigiwa simu na katibu muhtasi wa ofisi moja wilayani Kisarawe. Ofisi sitaitaja, na yeye pia sitamtaja. Niliwahi kumfundisha katika kozi fupi ya mwisho wa juma mjini Kibaha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Habari za kazi?"

"Kazi inataka kunitoka, Mwalimu."

Akanieleza. Ofisi yao ililetewa programu mpya ya kujazia taarifa za kila mwezi. Katika programu hiyo, ukibonyeza Ctrl na S, taarifa inapelekwa ngazi ya juu, na ikishapelekwa hairudi ila kwa barua. Yeye alijifunza kuchapa Kibaha, kwa mama mmoja wa makamo aliyefundisha nyakati za umeme wa kukatika bila taarifa. Sharti la mama yule lilikuwa moja: ukimaliza aya, hifadhi, ukiitwa na mkubwa, hifadhi kwanza ndipo uitike. Kwa miaka kadhaa mkono wake wa kushoto umekuwa ukizifuata Ctrl na S kama ulimi unavyolifuata jino lililong'oka. Katika wiki ya kwanza ya programu mpya aliwasilisha taarifa 11 zilizojazwa nusu. Safu ambazo hakuwa amezifikia zilisomwa huko juu kama sifuri. Barua ikaja ikimtuhumu kwa uzembe na kumpa siku saba ajieleze.

Aliniomba nimsaidie kuandika majibu. Nilipofika kwake nikakuta amekwisha kuyaandika mwenyewe, sentensi moja: "Mkono wangu ulihifadhi, mashine ikawasilisha." Sikuwa na cha kuongeza.

Nilimtafuta kijana aliyeiandika programu ile. Si mtu mbaya. Ni mwerevu, mchapakazi, tena alisikitika kweli. Alifungua kompyuta yake mpakato, ambayo ni Macintosh, akanionyesha. "Mbona kwangu haigongani na kitu chochote, Daktari?" Na alikuwa sahihi. Kwenye Macintosh kuhifadhi ni Command na S, na kitufe cha Control hukaa pembeni bila kazi nyingi. Kijana aliiona Control na S haina mwenyewe, akaipa kazi ya kuwasilisha. Programu ilipofika Kisarawe, kwenye mashine zenye Windows, Control na S ilikuwa na mwenyewe wa miaka mingi. Huo ndio mkono wa yule katibu muhtasi.

Kabla sijamnyooshea kidole, nijinyooshee mimi. Nimesahihisha miradi mingi ya wanafunzi wanaojenga mifumo ya habari. Nimewauliza kuhusu hifadhidata, usalama, rangi, hata nembo. Sikumbuki kumwuliza hata mmoja: "Umechukua vitufe gani, na kabla yako vilikuwa vya nani?" Tumewafundisha vijana kujenga nyumba bila kuwafundisha kuulizia mipaka ya kiwanja.

Tuelewane kwanza jinsi tulivyofika hapa. Katika miaka ya 1970, kwenye maabara ya Xerox iliyokuwa Palo Alto, Marekani, Larry Tesler na Tim Mott walibuni utaratibu wa kukata, kunakili na kubandika maandishi tunaoutumia hadi leo. Tesler, aliyefariki mwaka 2020, alihamia Apple mwaka 1980. Kampuni hiyo ilipotoa kompyuta ya Lisa mwaka 1983 na Macintosh mwaka 1984, vitendo hivyo vilikaa kwenye vitufe jirani katika mstari wa chini wa kibodi: Z kutendua, X kukata, C kunakili, V kubandika. Mwaka 1987 IBM ikatoa kanuni zake: Ctrl na Insert kunakili, Shift na Insert kubandika, Shift na Delete kukata. Windows za zamani zilifuata mtindo huo wa IBM, kisha Microsoft ikazichukua na zile herufi nne za Apple, ila ikazifunga kwenye Ctrl badala ya Command. Programu za Linux nazo zikafuata Ctrl. Lakini ndani ya dirisha la amri la Linux, Ctrl na C ilikwisha kuwa na kazi ya tangu enzi za Unix, yaani kuikatiza programu inayoendelea. Kwa hiyo humo kunakili ni Ctrl, Shift na C.

Wapiganapo tembo nyasi huumia. Kampuni tatu zilivutana, na sisi tumerithi vitufe. Kurudisha ulichotendua ni Ctrl na Y kwenye Windows, lakini ni Command, Shift na Z kwenye Macintosh. Kufunga programu ni Alt na F4 huku, na Command na Q kule. Ctrl na H katika Word ya Windows hufungua sehemu ya kutafuta na kubadilisha maneno. Command na H kwenye Macintosh huificha programu nzima usiione. Vitufe vya F1 hadi F12, ambavyo wazee wa ofisi walivizoea kwenye kompyuta za mezani, kwenye kompyuta mpakato nyingi vimepewa kazi ya mwanga na sauti, na huwezi kuvipata bila kushika Fn.

Hata hivyo, katika vurugu hiyo limesalimika jambo moja kubwa. Kwa vitendo vya msingi, herufi ni zilezile kila mahali, na kinachobadilika ni kitufe cha kushikia. S ni kuhifadhi kwenye mashine zote tatu, na P ni kuchapa. Anayeandika programu ya mifumo endeshi mingi hana haja ya kubuni kitu. Kazi yake ni kuiacha herufi ilipo na kuufuata mkono wa mashine: Command kwa wenye Macintosh, Ctrl kwa wenye Windows na Linux. Zana zenyewe humsaidia. Anayetumia Qt akiandika Ctrl katika msimbo wake, kwenye Macintosh inageuka kuwa Command bila yeye kuongeza neno. Electron ina jina maalumu, CommandOrControl, kwa kazi hiyohiyo. Kijana wetu hakukosa zana, alikosa kuuliza.

Hoja yangu ni hii: njia ya mkato ya kibodi si mali ya anayeiandika programu. Ni mali ya mikono ya watu, iliyonunuliwa kwa miaka ya mazoezi, na anayeigeuza bila idhini amewachukulia watu kitu chao. Wapo watakaonipinga, na ninawajua kwa sababu nimekaa nao vikaoni. Wako wa aina tatu.

Wa kwanza ni ofisa wa mafunzo. Yeye husema: programu yetu iwe na vitufe vilevile kwenye mashine zote, ili kitabu cha mafunzo kiwe kimoja na gharama zipungue. Kwa sikio la kikao hoja hii ni tamu. Lakini inamchukulia mtumishi kana kwamba siku nzima hutumia programu moja tu. Saa 2 asubuhi yumo kwenye barua pepe, saa 3 yumo katika Word, saa 4 ndipo anafungua programu yako, na saa 5 amerudi kwenye barua. Mkono wake hauwezi kubadili dini kila saa. Anayefanana na mwenzake hapa si mtumishi wa Kisarawe na mtumishi wa ofisi nyingine yenye Macintosh. Ni mtumishi wa Kisarawe wa saa 3 na yuleyule wa saa 4.

Watazameni madereva wetu wa malori. Dereva anayetoka Dar es Salaam huendesha upande wa kushoto hadi Rusumo. Akiingia Rwanda huendesha kulia, na akirudi anarudi kushoto. Hakuna kampuni ya usafirishaji iliyowahi kuagiza kwamba malori yake yote yaendeshwe kushoto katika nchi zote ili kitabu cha mafunzo kiwe kimoja. Sheria ni ya barabara unayoipita, wala haifuati gari. Mfumo endeshi ndio barabara, na programu yako ni lori tu.

Wa pili ni mzalendo wa lugha, na huyu ananipa taabu zaidi kwa kuwa ni ndugu yangu. Yeye huuliza: kwa nini S, kwa neno la Kiingereza? Sisi tunasema hifadhi. Basi iwe Ctrl na H. Nakili iwe N, bandika iwe B. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux ulioshirikiana na wataalamu wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Baadaye Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya Windows na Office. Mwaka 2021 sheria zetu zilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Kwa nini basi, anauliza ndugu yangu, vidole vyetu vibaki Uingereza?

Ninamjibu kwa heshima, na ninaanza na Kiswahili chenyewe. Andika orodha ya vitendo vya kompyuta kwa lugha yetu, kisha utazame herufi za mwanzo. Fungua, funga, futa: vitendo vitatu vyenye matokeo tofauti kabisa vinaanza na herufi moja, tena na silabi moja. Tafuta, tendua, tuma: T tatu. Chagua, chapa, chomeka: zote zinaigombania C, kwa hiyo mtu aliyezoea kunakili angejikuta anachapa karatasi 40 kwenye mashine ya ofisi. Ikija zamu ya nomino hali inazidi: mwonekano, msaada, mpangilio, majedwali. Lugha yetu hubadilika mbele ya neno, kwa viambishi vya ngeli, na kwa hiyo herufi ya kwanza mara nyingi ni alama ya ngeli tu. Inakwambia neno liko kundi gani, lakini haikwambii ni neno gani. Kanuni ya herufi ya kwanza inafaa lugha za watu wengine. Ya kwetu inaikataa.

Tena wapo waliotangulia. Word ya Kireno cha Brazil huhifadhi kwa Ctrl na B, na hukoza maandishi kwa Ctrl na N. Ya Kihispania huhifadhi kwa Ctrl na G, na huchagua yote kwa Ctrl na E. Mbrazil akikaa kwenye mashine ya Kiingereza, Ctrl na B aliyozoea kuhifadhia inakoza maneno tu, na kazi yake haijahifadhiwa. Wale ni mamilioni ya watu wenye soko lao wenyewe, na bado kila anayevuka mpaka wa lugha hulipa ushuru kwa vidole. Sisi, ambao ofisi moja ya wilaya huwa na mashine yenye menyu za Kiingereza karibu na nyingine yenye menyu za Kiswahili, tungelipa ushuru huo ndani ya chumba kimoja.

Na kwa hakika, hizo herufi tunazozionea wivu si Kiingereza kama tunavyodhani. Katika zile nne za mstari wa chini, C ndiyo pekee inayoanza neno la Kiingereza la kitendo chake. X haianzi neno la kukata, V haianzi la kubandika, wala Z la kutendua. Zilikaa pale kwa sababu zimepakana na mkono wa kushoto unazifikia bila kuhama. Ni mahali kuliko kuwa maneno, kama rangi nyekundu ya taa za barabarani ambayo si Kiingereza wala Kimakonde.

Na kwa kuwa ni mahali, anayekiandikia Kiswahili akumbuke kwamba Kiswahili hakiishii Rusumo. Goma na Bukavu wanazungumza lugha hii na wengi wanaandikia kibodi za mpangilio wa Kifaransa. Huko A imekaa palipo Q ya kwetu, na palipo Z ya kwetu pamekaa W. Mtu wa Kibaha akienda Goma, akabonyeza kwa mazoea mahali pa Ctrl na Z ili atendue kosa, atakuwa amebonyeza Ctrl na W na kuifunga hati. Akitaka kuchagua yote kwa mahali pa Ctrl na A, atakuwa amebonyeza Ctrl na Q, ambayo katika programu nyingi ni kuondoka kabisa. Tarakimu za kibodi hizo hupatikana kwa kushika Shift, na alama ya @ hupatikana kwa AltGr, ambayo Windows huihesabu sawa na Ctrl na Alt kwa pamoja. Ukiipa Ctrl na Alt kazi yako, unaweza kumnyima mtu wa Goma alama ya kuandikia barua pepe. Umoja wa Waswahili ninaoutaka mimi unaanza na kuyajua haya, kabla ya Ctrl na H.

Je, Kiswahili kinyamaze? Hata kidogo. Kipo chumba chake. Menyu ziwe za Kiswahili, na zile herufi zinazopigiwa mstari, zinazofunguliwa kwa Alt, ziwe za Kiswahili pia, kwa kuwa hizo mtu huzisoma kwenye skrini. Mkono haulazimiki kuzikariri. Lakini zichaguliwe na mtu anayeijua lugha: mstari upigwe chini ya herufi ya shina, wala si chini ya kiambishi. Katika "Msaada" iwe S, katika "Mpangilio" iwe P. Hiyo ni kazi ya mwanaisimu na mwandishi wa programu wakiwa meza moja, na vyuo vyetu vina wote wawili.

Wa tatu ni mkubwa wa ofisi. Yeye hana nadharia. Husema: "Mambo ya vitufe ni madogo. Watumie kipanya." Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi.

Yupo mwalimu mmoja Kibaha, ninayemfahamu, ambaye haoni. Anaandaa maazimio ya kazi, anajaza alama, anasoma nyaraka kwa kompyuta yenye NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanza mwaka 2006 na kuendelezwa na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh. Kwake kipanya si kitu, kwa maana hakioni kinapoelekea. Kibodi ndiyo jicho lake. Katika kurasa za tovuti, kisoma skrini humpeleka kwenye kichwa cha habari kinachofuata kwa H, kwenye jedwali kwa T, kwenye kiungo kwa K, kwenye kitufe cha skrini kwa B. Insert, au Caps Lock kwa waliochagua hivyo, ni funguo za kisoma skrini chenyewe. Anayeandika programu na kuzipa herufi hizo kazi nyingine bila Ctrl, au anayeikamata Insert, amepita katikati ya nyumba ya mtu huyu. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, toleo 2.1 la mwaka 2018, unataka kila kitu kinachofanyika kwa kipanya kifanyike pia kwa kibodi. Unataka vilevile njia ya mkato ya herufi moja iweze kuzimwa au kubadilishwa, au ifanye kazi pale tu sehemu yake inapokuwa imechaguliwa. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Mkubwa anayesema "watumie kipanya" huenda hajui kwamba anazungumzia haki iliyokwisha kuandikwa.

Na hata kwa anayeona, mzigo si mdogo. Katibu muhtasi hulipwa kwa ustadi wa mikono yake, kama fundi cherehani. Ukimlazimisha aache kibodi kila baada ya sentensi ashike kipanya, umemfanya fundi ashone kwa mkono huku cherehani ikiwa mbele yake. Kisha mwisho wa mwaka unampima kwa kasi.

Kwa hiyo nasema yanayotakiwa kufanywa, tena si mengi.

Kwanza, hadidu za rejea za kila zabuni ya programu ya umma ziwe na ukurasa mmoja wa vitufe: kila njia ya mkato, kazi yake, na ushahidi kwamba haigongani na kazi iliyokwisha kuwapo kwenye Windows, Macintosh na Linux. Tuna Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, na tuna mamlaka iliyopewa kazi ya kusimamia viwango. Ukurasa mmoja hautaiangusha bajeti ya mradi wowote.

Pili, kitendo kisichorudishika kisipewe njia ya mkato ya mbonyezo mmoja. Kuwasilisha, kufuta, kulipa: hivi viulize kwanza, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na jibu la kawaida liwe "Hapana". Wala visipewe kitufe jirani na kisicho na madhara. Q na W zimepakana. W hufunga dirisha moja, Q hufunga yote, na tofauti yake ni upana wa ukucha.

Tatu, herufi zenye wenyewe ziachwe kwa wenyewe. Programu ikihitaji njia mpya, itafute palipo wazi, iionyeshe kwenye menyu kando ya jina la kitendo, na imruhusu mtumiaji kuibadilisha. Asiyeweza kutoa ruhusa hiyo, basi apunguze njia anazobuni.

Nne, programu isipokelewe wala kulipiwa hadi ijaribiwe na watakaoitumia, kwenye mashine zao wenyewe. Maonyesho ya kompyuta mpakato mpya katika ukumbi wa hoteli hayatoshi. Mwandishi wake apande gari hadi Kisarawe, akae kimya nyuma ya katibu muhtasi kwa asubuhi moja, atazame mikono. Angefanya hivyo, angeiona Ctrl na S ikibonyezwa kabla ya saa 3, na makala haya yasingeandikwa.

Tano, hili ni la kwetu wahadhiri. Kuanzia muhula ujao, katika somo ninalofundisha, mradi usio na jedwali la vitufe vyake hautapata alama za usanifu. Wanafunzi wangu wanaosoma hapa wachukue hii kuwa taarifa rasmi.

Watakuwapo watakaosema nimeyakuza mambo madogo. Ni kweli, jambo lenyewe ni dogo kama kitufe. Lakini tazameni jinsi lilivyosafiri. Kijana mmoja alichagua herufi moja kwenye mashine moja. Herufi hiyo ikazalisha taarifa 11 pungufu, taarifa hizo zikazalisha sifuri ambazo hazikuwapo, sifuri zikazalisha barua, na barua ikamkuta mtu wa ngazi ya chini kabisa katika mlolongo huo, ambaye ndiye pekee aliyefanya kazi yake kama alivyofundishwa. Tumekuwa na desturi mbaya katika utumishi: mashine ikikosea, anayeadhibiwa ni aliyeigusa mwisho.

Mnaweza kutaka kujua mambo yaliishaje. Programu imerekebishwa. Kijana aliibadilisha katika mchana mmoja, na sasa Ctrl na S inahifadhi. Lakini yule dada alikwisha kupewa onyo la maandishi, na onyo hilo bado limo ndani ya jalada lake. Nilipouliza, niliambiwa kwamba hakuna utaratibu wa kuliondoa kwa sababu ya "mambo ya kiufundi".

Kwa hiyo ombi langu la mwisho siwaelekezei waandishi wa programu, bali wakubwa wa utumishi wanaosoma ukurasa huu, nami najua mpo. Kama kijana aliweza kuibadilisha programu kwa mchana mmoja, nanyi mnaweza kulifungua jalada, mkaisoma tena ile sentensi yake moja, na kuliondoa onyo lile.